James Grant: mpigapicha aliyeingia Ugogo bila kamera

Mwishoni mwa Novemba 1860, msafara wa mapagazi na askari waliotoka pwani uliingia Ugogo, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni mkoa wa Dodoma. Uliongozwa na Waingereza wawili waliokuwa wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Mmoja alikuwa John Hanning Speke, ambaye jina lake linajulikana zaidi. Wa pili alikuwa James Augustus Grant, Mskoti mpole mwenye umri wa miaka 33.

Miongoni mwa kazi za Grant katika safari hiyo ilikuwa kupiga picha, na alikuwa ametoka Ulaya na kamera. Lakini siku alipotia mguu Ugogo, kamera hakuwa nayo tena. Ilikuwa njiani kurudi pwani.

Makala hii inaeleza maisha ya mtu huyo, na kwa nini kamera yake ilirudishwa. Tumemchagua kwa sababu tatizo lililomkuta bado lipo. Wapigapicha wa harusi na mikutano hapa Dodoma wanaohamia kwenye kamera mpya, zile zisizo na kioo cha ndani, hulikuta dukani wakichagua lenzi: wachukue kubwa inayotoa picha bora, au ndogo wanayoweza kushinda nayo kutwa nzima?

Mtoto wa mchungaji

Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 katika mji mdogo wa Nairn, kwenye pwani ya kaskazini ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la mji huo. Kijana alisoma Aberdeen, na mwaka 1846 akajiunga na jeshi la Waingereza nchini India. Huko alikutana na Speke, naye akiwa ofisa kijana. Wote wawili walipenda kuwinda, na urafiki wao ulianzia porini.

Mwaka 1857 majeshi ya India yaliasi utawala wa Waingereza. Grant alikuwa katika kikosi kilichopelekwa kuwaokoa wenzao waliozingirwa mji wa Lucknow, na huko akajeruhiwa vibaya mkono wa kulia. Kumbuka jeraha hilo, msikilizaji, maana ndiye mtu ambaye baadaye alichora Afrika ya Mashariki kwa penseli na rangi za maji.

Speke alikuwa ameshapita Ugogo safari ya kwanza, kati ya 1857 na 1859, akiwa na Richard Burton. Alipopata fedha za kurudi ili athibitishe kwamba Nile inatoka katika ziwa aliloliita Victoria, alimchagua Grant amfuate. Walifika Zanzibar Agosti 1860, wakati wa Sultani Majid.

Kamera mjini Zanzibar

Wakati msafara ukiandaliwa, Grant alitoa vifaa vyake na kupiga picha kadhaa mjini. Zimo kati ya picha za kale kabisa zinazojulikana za Zanzibar. Anayezitazama leo anaona mji wa zaidi ya miaka 160 iliyopita kama jua lenyewe lilivyouandika, bila mkono wa mchoraji kuongeza wala kupunguza.

Kupiga picha wakati huo hakukuwa kubonyeza na kuondoka. Njia iliyotumika ilibuniwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Mpigapicha alichukua bamba la kioo, akalimwagia dawa nzito kama gundi, kisha akalichovya katika maji ya chumvi ya fedha ndani ya giza. Bamba lilitakiwa kuingia katika kamera likiwa bado limelowa, kupigwa mwanga, kisha kurudishwa gizani na kusafishwa kabla halijakauka. Yote hayo yalipaswa kumalizika ndani ya dakika chache, yapata kumi au kumi na tano, na kwenye joto kali muda ulikuwa mfupi zaidi.

Ndiyo maana mpigapicha wa safari alibeba kamera ya mbao, lenzi ya shaba na kioo, miguu mitatu ya kuisimamishia, masanduku ya mabamba, chupa za dawa, maji safi, na hema dogo la giza la kufanyia kazi. Hema hilo liliziba mwanga wote, na hewa pia. Ndani yake mvuke wa dawa ulimzunguka mtu kichwa.

Kwa nini hawakutengeneza kamera ndogo tu? Kwa sababu picha haikuwa ikikuzwa kwa urahisi kama leo. Bamba liliwekwa juu ya karatasi, likaachwa juani, na picha ikatoka kwa ukubwa uleule wa bamba. Aliyetaka picha kubwa yenye kila undani alihitaji bamba kubwa. Bamba kubwa lilitaka kamera kubwa na lenzi kubwa ya kulijaza mwanga. Ubora na uzito vilifungwa kamba moja.

Usagara: mzigo unarudishwa

Mwanzoni mwa Oktoba 1860 msafara uliondoka Bagamoyo. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakulia India, na ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wasafiri waliotembea zaidi Afrika katika karne hiyo. Hakukuwa na gari wala reli. Karibu kila kitu kilikwenda kichwani au begani kwa mtu, na mzigo wa pagazi mmoja uliweza kufika kilo 30. Kila sanduku la mabamba lilikuwa sanduku moja pungufu la shanga, nguo au waya, na hizo ndizo zilizokuwa fedha za njiani za kununulia chakula na kulipia hongo kwa watemi.

Grant alijaribu kuendelea kupiga picha bara. Homa ilikuwa imeshamwanza. Kila alipoingia katika hema la giza mchana, joto lilimdhoofisha zaidi. Walipokuwa katika vilima vya Usagara, Speke aliamua. Baadhi ya askari waliotoka Rasi, Afrika Kusini, walikuwa wagonjwa na walirudishwa pwani pamoja na vielelezo vya wanyama vilivyokusanywa. Pamoja nao Speke aliirudisha kamera. Sababu aliyoiandika ni kwamba kazi ya ndani ya hema lile ingemuua mwenzake.

Kwa hiyo vifaa vilivyotoa picha bora kuliko vyote katika msafara ndivyo vilivyoondoka mapema. Safari nzima, ambayo ingechukua zaidi ya miaka miwili, ilibaki bila kamera.

Ugogo kwa penseli

Baada ya milima, msafara ulivuka nyika kavu ya Marenga Makali. Jina lenyewe ni la Kigogo, maana yake maji makali. Kisha ukaingia Ugogo. Mwaka huo mvua zilikuwa zimewaangusha wakulima na njaa ilikuwa imetanda. Nafaka ilikuwa adimu, na wageni wenye mamia ya midomo ya kulisha hawakupewa bei ya huruma.

Kila mtemi alidai hongo yake, kwa haki ya mwenye nchi na mwenye maji. Huko Kanyenye walilipa kwa mtemi Magomba, ambaye Burton na Speke walishawahi kukutana naye safari ya kwanza. Wazungu waliandika kwa hasira juu ya hongo. Lakini ukitazama kwa upande wa Wagogo, katika mwaka wa njaa, msafara mkubwa uliokunywa kwenye visima vichache vya nchi kavu ulikuwa na deni la kulipa.

Mapagazi wengi walitoroka. Mvua zilipoanza, msafara ulikwama katika pori la Mgunda Mkali, magharibi ya Ugogo, hadi ulipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwishoni mwa Januari 1861.

Katika hali hiyo Grant aliendelea na kazi yake kwa vifaa ambavyo havikumtaka pagazi hata mmoja: penseli, karatasi na rangi za maji. Alichora watu, nyumba, mimea na wanyama. Karatasi haikuhitaji kukaa gizani. Aliyechorwa hakulazimika kuganda bila kupepesa. Na pale mkono ulipochoka, kazi iliachwa na kuendelezwa kesho yake.

Alikusanya mimea pia, na kumbukumbu yake nyingine ya Ugogo ina miguu minne. Swala mkubwa mwenye pembe ndefu, ambaye wapenda wanyama humwita swala granti, alipewa jina hilo la kisayansi mwaka 1872 na Victor Brooke kwa heshima ya Grant. Mahali panapotajwa kuwa chimbuko la kielelezo chake ni Kanyenye, Ugogo.

Mguu, Karagwe na Nile

Kamera ingedumu kwa muda gani kama isingerudishwa? Septemba 1861, Grant akiwa ametengana na Speke huko Unyamwezi, watu wa mtemi Myonga waliushambulia msafara wake na kupora mizigo mingi. Ni vigumu kufikiri mabamba ya kioo yangesalimika siku ile.

Mwishoni mwa mwaka huo walifika Karagwe kwa Mtemi Rumanika. Hapo mguu wa Grant ulivimba na kutunga usaha kiasi cha kushindwa kusimama. Speke alimwacha na kwenda Buganda Januari 1862. Grant alibaki Karagwe hadi Aprili, na hata alipoondoka alibebwa kwenye machela. Kwa miezi hiyo hakuweza kutembea, lakini aliweza kuandika na kuchora.

Tarehe 28 Julai 1862 Speke alisimama mahali Nile inapotoka ziwani, karibu na Jinja ya leo. Grant hakuwepo. Siku chache kabla, Speke alikuwa amemtuma aelekee Bunyoro, huku yeye akichukua njia ya mto. Wengi waliona alinyimwa sehemu yake ya heshima. Grant mwenyewe hakumlaumu rafiki yake hadharani, si wakati ule wala baada ya Speke kufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864.

Mwaka huo wa 1864 Grant alichapisha kitabu chake kuhusu safari, na Shirika la Kifalme la Jiografia la London likampa medali ya dhahabu. Mwaka 1868 alikwenda na jeshi la Waingereza Ethiopia kama ofisa wa upelelezi, kisha akastaafu. Alirudi kwao Nairn, akafariki huko tarehe 11 Februari 1892.

Kilichobaki na kilichopotea

Michoro yake, zaidi ya mia moja, imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Ni hazina. Lakini tuseme ukweli: mchoro si picha. Mchoraji huchagua cha kuweka na cha kuacha. Zaidi ya hapo, picha nyingi zilizochapishwa katika kitabu cha Speke mwaka 1863 zilichorwa upya na Johann Baptist Zwecker, ambaye hakuwa katika msafara. Msomaji wa London aliona Afrika iliyopita katika mikono miwili.

Hatuna picha ya kamera ya Ugogo ya 1860 kutoka safari hiyo. Hatuna sura halisi ya Magomba, wala ya wanawake waliokataa kuuza nafaka yao ya mwisho, wala ya tembe zao. Hiyo ndiyo gharama ya kifaa bora kisichobebeka. Gharama hiyo haikumwangukia Grant peke yake, imewaangukia pia wajukuu wa waliokuwa pale.

Kutoka bamba hadi kamera isiyo na kioo cha ndani

Uzito ulipungua hatua kwa hatua. Mwaka 1871 Mwingereza Richard Leach Maddox alieleza namna ya kutengeneza mabamba makavu, na hema la giza likaanza kuaga safari. Kisha Mjerumani Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, ambaye pumu ilimzuia kubeba kamera nzito, alitengeneza mfano wa kamera ndogo yapata 1914. Ilitumia filamu, kila picha ikiwa na milimita 24 kwa 36 tu, ambayo ingekuzwa baadaye. Kamera hiyo, Leica, iliingia sokoni mwaka 1925. Kipimo chake cha 24 kwa 36 bado kinatumika. Ndicho kipimo cha sehemu ya kupokelea mwanga katika kamera nyingi kubwa za wapigapicha wa leo.

Kamera za miaka mingi baadaye zilikuwa na kioo cha kuakisi ndani, kilichopeleka picha kwenye jicho la mpigapicha. Kamera mpya zimekiondoa, na jicho huona kioo kidogo cha umeme. Kwa hiyo lenzi inaweza kukaa karibu zaidi na sehemu ya kupokelea mwanga. Kwa Canon, kwa mfano, umbali huo ulishuka kutoka milimita 44 hadi 20. Mwili wa kamera ukawa mwembamba, na lenzi za kuona eneo pana zikaweza kuwa ndogo.

Lakini lenzi za kuvuta mbali hazikupungua kwa kiasi hicho, na sababu ni hesabu ndogo. Chukua milimita za lenzi, gawanya kwa namba iliyoandikwa baada ya herufi f. Lenzi ya milimita 200 yenye f/2.8 inahitaji tundu la upana wa takriban milimita 71. Yenye f/4 inahitaji milimita 50. Ya kwanza huingiza mwanga mara mbili ya ya pili, lakini kioo chake lazima kiwe kipana zaidi. Kwa lenzi za Canon za milimita 70 hadi 200 za kamera hizi mpya, ile ya f/2.8 ina takriban gramu 1,070, na ile ya f/4 gramu 695.

Njia nyingine ni kununua kamera yenye sehemu ndogo ya kupokelea mwanga. Kwenye aina ya milimita 17.3 kwa 13, lenzi ya milimita 100 huvuta kama ya 200 kwenye kamera kubwa. Kwa f/2.8 tundu lake ni milimita 36 tu, na lenzi yote ni nyepesi. Lakini mwanga wote unaokusanywa ni kama robo ya ule wa lenzi kubwa ya f/2.8. Mchana hutaona tofauti kubwa. Usiku, picha itaonyesha chengachenga mapema zaidi.

Kuchagua ukiwa Dodoma

Anza na mahali unapofanyia kazi. Jua la hapa ni kali karibu mwaka mzima. Kwa mkutano wa kijiji, mnada wa ng'ombe au shamba la zabibu, lenzi ndogo ya f/4 inatosha kabisa, na picha itakuwa safi. Lenzi kubwa hulipa gharama yake ukumbini usiku, kanisani penye mwanga hafifu, au kwenye ngoma jioni, ambapo watu hawasimami. Kamera nyingi mpya hutuliza mtikisiko wa mkono, lakini hazimtulizi mchezaji.

Fikiria vumbi la kiangazi. Kamera isiyo na kioo cha ndani huacha sehemu yake ya kupokelea mwanga karibu na mdomo wa kamera unapobadilisha lenzi. Mwenye lenzi moja inayofaa kwa kazi yote ana nafasi chache za kuingiza vumbi kuliko mwenye lenzi tatu. Ukilazimika kubadilisha, elekeza kamera chini, na ujikinge na upepo.

Mwenye simu pekee asijione hana kifaa. Lenzi ya simu ni ndogo sana, kwa hiyo isaidie: ifute kwa kitambaa safi, tumia mwanga wa asubuhi au jioni, na umsogelee mtu kwa miguu badala ya kuvuta picha kwa vidole.

Na kabla ya kutoa fedha, vaa kamera na lenzi unayoitaka shingoni hapo dukani kwa nusu saa. Ukiona utaiacha nyumbani siku ya safari ndefu, basi picha zake bora zitabaki dukani. Grant alikuwa na kamera nzuri. Tunachoweza kukitazama leo kutoka bara ni kile alichokichora kwa vifaa vilivyofika naye.